Mashine Sita Kabatini

Pale kliniki ya wajawazito hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wauguzi, wagonjwa, hata mlinzi wa getini, wote walimwita Shangazi, naye aliitika kama aliyezaliwa nalo. Alikuwa mkunga kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa, mwanamke mfupi, mwenye viganja vipana vyenye joto, na wajawazito walikuwa radhi kukaa kwenye benchi hadi saa saba mchana ili viganja hivyo, si vya mwingine, viguse matumbo yao. Mtoto akirusha teke chini ya mkono wake, humwambia mama yake, "Huyu ameanza kudai chumba chake, kajipange."

Mwaka ule, mmoja wa wanawake wa benchini alikuwa mkwe wake mwenyewe, mke wa mwanawe wa pekee. Alikuwa mshonaji, binti mkimya, na ile ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alihudhuria mara sita bila kukosa hata mara moja, na kila mara alikaa kwenye foleni kama wenzake, kwa sababu Shangazi hakuwa mtu wa kupitisha ndugu mlango wa nyuma. Alimpima presha, akampima uzito, akavuta utepe juu ya tumbo. Katika wiki ya thelathini na mbili utepe ulisoma sentimita thelathini na sita, nne zaidi ya wiki zake. Shangazi akacheka, akasema mtoto kachukua mabega ya babu yake. Binti akalalamika kuwa kiu haimwishi na chooni anakwenda mpaka miguu inauma. Shangazi akamjibu kuwa mjamzito na choo ni marafiki, azoee tu. Kisha akachukua kadi, na kwenye mstari wa sukari ya damu akachora kistari.

Kila mtu pale alichora kistari. Mashine ya kupimia sukari haikuwepo, au ndivyo walivyoambiwa, na mstari ule wa kadi ulikuwa umekuwa kama ile swichi ukutani ambayo haiwashi taa yoyote. Mara sita alikuja, vistari sita.

Uchungu ulimshika asubuhi ya siku ya Jumatano. Hadi adhuhuri njia ilikuwa imefunguka lakini mtoto hashuki, na gari la wagonjwa likampeleka hospitali kubwa, Shangazi akiwa pembeni yake amemshika mkono. Huko kichwa kilitoka, mabega yakakwama. Wakamkunja miguu, wakambonyeza, wakageuza, wakafanya yote ambayo Shangazi mwenyewe angefanya, na dakika tisa zikapita. Alikuwa mtoto wa kike, kilo nne na gramu mia nane, nywele nyingi, mashavu ya kujaa. Hakulia.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye korido, mgongo ukutani, daktari alipotoka na kadi mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu aliyechoka, na hakujua anaongea na nani. Alidhani ni mama mkwe tu, mtu wa kupewa pole na kuulizwa habari za nyumbani. Akauliza kama binti alikuwa na historia ya kisukari, maana sukari ya damu yake ilipopimwa pale mapokezi ilisoma kumi na tano, karibu mara mbili ya mpaka.

"Kliniki gani hii?" daktari akasema, akigeuza kadi. "Mara sita amehudhuria. Mara sita, kistari. Ana kiu, anakojoa ovyo, tumbo limezidi umri wa mimba kwa wiki nne, na hakuna aliyemchoma kidole. Huyu mkunga alikuwa anaangalia nini?"

"Ni mimi," Shangazi akasema.

Daktari alitazama sare iliyochungulia chini ya mtandio. Sauti ikamshuka. Akauliza, sasa kwa upole, kama hawakufundishwa. Mafunzo ya kisukari cha mimba yalifanyika mwaka uliopita, siku tatu, na kila kituo kilirudi na mashine zake na vifaa vyake. Alijua, kwa sababu yeye mwenyewe alifundisha siku ya pili.

Shangazi alisema hajui habari hizo. Na kweli hakuzijua.

Walimzika mtoto kesho yake. Shangazi alikaa nyumbani siku tano, halafu akarudi kazini, na jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kuvaa aproni, ni kuingia ofisini kwa msimamizi wa kituo. Msimamizi alikuwa mtabibu wa makamo, nadhifu, mwenye kupenda faili zilizonyooka. Alisimama kumpa pole. Shangazi hakumsikia. Alikuwa anatazama ukuta nyuma ya meza, ambako vyeti vitatu vilining'inia ndani ya vioo, na ambavyo alikuwa amevipita miezi minane akidhani ni mapambo ya ofisi kama kalenda. Mafunzo ya Kupima na Kuhudumia Kisukari cha Mimba. Kimoja kilikuwa na jina la msimamizi. Cha pili, la karani wa stoo. Cha tatu, la dereva.

"Daktari," akasema, kama wote walivyomwita msimamizi, "dereva alijifunza nini?"

Msimamizi alikohoa. Akasema dereva ni sehemu ya timu, ndiye anayebeba mgonjwa wa rufaa, lazima ajue anabeba nini. Karani wa stoo ndiye anayetunza vifaa. Na yeye mwenyewe ni msimamizi. Akaeleza kwa utulivu, na ubaya wa maelezo yake ni kwamba kila kipande, ukikichukua peke yake, kilikuwa na akili.

"Na sisi?"

"Shangazi, nyinyi ndio nguzo ya hapa. Ningewatoa nyinyi siku tatu, nani angebaki na wagonjwa?"

Hapo ndipo Shangazi alipoelewa. Miaka ishirini na mbili alikuwa akisifiwa kwa maneno hayo hayo, nguzo, mhimili, mama yetu, na kumbe sifa zenyewe ndizo zilizomnyima elimu. Aliyegusa matumbo hakuweza kutoka kwa sababu anagusa matumbo. Aliyekuwa hana la kufanya ndiye aliyepata nafasi ya kwenda kujifunza.

Akauliza mashine ziko wapi.

Msimamizi alisita, akafungua droo, akatoa ufunguo. Kabati la chuma lilikuwa pale pale, mkono wa kushoto wa mlango, na juu yake kulikuwa na maua ya plastiki. Ndani zilikuwa mashine sita kwenye mifuko yake, hazijawahi kuguswa, makopo ya vipande vya kupimia, vile vinavyowekewa tone la damu, maboksi ya sindano za kuchomea kidole, pakiti za glukosi, na kitabu cha mwongozo ambacho karatasi zake bado zilikuwa zimeshikana. Mashine zilikuwa zimeandikishwa kwa jina lake, msimamizi akasema. Ikipotea moja ni yeye wa kuitolea maelezo. Alikuwa amepanga kuwafundisha mwenyewe, ila nafasi haikupatikana.

Shangazi alichukua kopo moja, akaligeuza kusoma tarehe chini. Vipande vilikuwa vimekwisha muda mwezi uliopita. Akachukua jingine. Mwezi uliopita. Akayapanga mezani moja moja, taratibu, mpaka meza ikajaa, na msimamizi akalazimika kusogeza faili zake.

"Vilikuwa vizima mkwe wangu alipokuwa amekaa kwenye lile benchi," alisema. "Kutoka hapa mpaka pale ni hatua kumi na nne. Nimezihesabu wakati nakuja."

Msimamizi alisema tu kwamba awamu ya pili ya mafunzo inakuja, wavute subira. Shangazi alichukua kile kitabu cha mwongozo bila kuomba ruhusa, akatoka.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na namba ya simu ya mkufunzi. Shangazi alipiga akiwa nyuma ya chumba cha kufulia, mashuka yakipepea kati yake na dirisha la ofisi. Aliyepokea alikuwa mwanamke, mkunga naye, ambaye miaka ya karibuni alikuwa akizunguka vituoni kufundisha. Shangazi alijitambulisha na kutaja kituo chake, na mkufunzi akafurahi; akasema ile ni sehemu anayoitolea mfano, kwa sababu ripoti inaonyesha wakunga tisa wamepata mafunzo.

"Wakunga tisa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, dada yangu. Watatu walikuja kwetu, wakarudi wakafundisha sita."

"Tuko wanne," Shangazi akasema. "Hatujawahi kuwa tisa. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuishika hiyo mashine."

Sauti ya mkufunzi ikawa ya mtu aliyekasirika lakini hataki kumkasirikia asiye na kosa. Akasema anakuja Jumamosi mchana, kliniki ikishafungwa, atakuja na vipande vipya, na hahitaji barua ya mtu.

Kabla ya Jumamosi kulikuwa na jambo jingine, nalo lilikuwa zito kuliko la kabati. Nyumbani kwa mwanawe, wanawake wa ukoo walikuwa wakija kuhani, na kila aliyekuja alikuwa na sababu yake mfukoni. Wifi mkubwa wa Shangazi alikuwa ameshikilia kuwa ni cherehani: binti alikaa kwenye cherehani amejikunja, akambana mtoto. Mwingine alisema alikula sana. Binti aliyasikia yote. Alikaa kwenye godoro miguu imenyooka, maziwa yakilowesha blauzi bila mtu wa kunyonya, na alikuwa ameanza kuyaamini. Cherehani alikwishawaambia waiuze.

Shangazi aliingia, akasalimia, akakaa sakafuni mbele ya mkwe wake, mbele ya wote.

"Si cherehani," alisema. "Na si chakula. Ulikuwa na sukari ya mimba, inapimwa kwa tone la damu, na ikipatikana mapema inatibika. Mashine zilikuwa kazini kwetu zimefungiwa. Mimi sikujua zipo, lakini dalili ulinieleza mwenyewe na utepe uliniambia, nikacheka. Usimwachie mtu yeyote akwambie ni wewe. Ni sisi. Na mkono ulioandika ile kadi ni wangu."

Wifi alianza kusema mambo ya mapenzi ya Mungu. Binti alimkatiza, yeye ambaye hakuwahi kumkatiza mtu mzima.

"Nilikwambia nina kiu, mama."

"Uliniambia, mwanangu."

"Nilikwambia mara ngapi?"

"Mara tatu."

Binti alimtazama kwa muda, kisha akageukia ukuta. Wiki zilizofuata Shangazi alikuwa anapeleka chakula, na binti anapokea sahani bila kuinua macho. Mwanawe alijaribu kusuluhisha, lakini Shangazi akamwambia amwache, ana haki. Cherehani haikuuzwa.

Jumamosi ile mkufunzi alifika na mkoba mmoja, akakataa kiti cha mbele, akakaa kwenye benchi la wajawazito na wakunga wanne. Hakuanza na hotuba. Alikoroga glukosi kwenye maji, akawanywesha wenyewe, ili wakimwambia mwanamke avumilie, wajue wanamwambia avumilie nini. Mkunga mdogo kuliko wote alitaka kutapika, na Shangazi akamwambia kama yeye na ujana wake anashindwa, mwenye kichefuchefu cha mimba afanyeje. Wakachomana vidole, pembeni mwa ncha ambako hakuumi sana. Wakajifunza kumnawisha mama mikono kwanza, maana aliyetoka kumenya embe anaweza kuidanganya mashine. Wakajifunza vipimo vitatu, kabla ya kunywa, baada ya saa moja na baada ya saa mbili, na kwamba kimoja tu kikivuka mpaka inatosha, usingoje vyote. Wakajifunza kuwa mkojo peke yake hautoshi.

Shangazi aliandika yote kwenye daftari la mwanawe la zamani la shule. Ndipo akauliza swali ambalo, mkufunzi alisema baadaye, kwenye ile semina ya siku tatu hakuna aliyeliuliza.

"Nimempima, nimemkuta nayo. Yuko mbele yangu, anaogopa, ana watoto wawili nyumbani na kazi ya kusimama. Sasa nimwambie nini, leo, kabla hajaondoka?"

Wakalizungumza hilo hadi jioni. Sahani aigaweje, chai ainyweje, atembee lini na kwa muda gani. Arudi lini kupimwa tena, na ikiwa haishuki, lini aanzishiwe dawa au insulini, na namna ya kumweleza kuwa insulini si hukumu ya kifo. Mtoto akizaliwa anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza na apimwe sukari yake, kwa sababu sukari ya mtoto hushuka ghafla. Na mama arudi baada ya wiki sita, apimwe tena. Mkufunzi alikiri kuwa Jumamosi moja haitoshi. Mambo ya dawa yanataka mazoezi wodini, ndiyo maana awamu ya pili ilipangwa hospitali kubwa. Waende wote wanne.

Orodha ya awamu ya pili ilibandikwa baada ya wiki mbili. Ilikuwa na majina matatu: msimamizi, karani wa stoo, dereva.

Shangazi aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena. Hakupiga kelele. Alikwenda kwa wenzake mmoja mmoja, chumba cha chanjo, chumba cha dawa, leba, na aliwaambia jambo lile lile: safari hii waende wao. Dereva naye alimfuata mwenyewe, amevua kofia.

"Shangazi, mimi kule nililala," alisema. "Mara ya kwanza nililala, na mara hii nitalala. Niambieni saa ngapi mnataka kuondoka."

Basi siku ya mafunzo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari la kituo liliondoka na wakunga watatu ndani. Wa nne alibaki kwa ajili ya leba, kwa zamu, kila siku mmoja wao, kwa maana hakuna hata mmoja ambaye angemwacha mzazi peke yake ili kumfundisha msimamizi adabu. Lakini kliniki ya wajawazito waliiacha. Mlangoni kwa ofisi walichomeka karatasi yenye sahihi nne, iliyosema kwa heshima zote kwamba msimamizi alikwishapata mafunzo husika na ana cheti, hivyo kliniki iko mikononi mwa mtaalamu.

Inasemekana siku ya kwanza alipima matumbo arobaini na mawili. Saa tano alikuwa anatafuta utepe, na utepe uko shingoni mwake. Wanawake wa benchini, ambao habari zilikuwa zimeshawafikia kabla ya chai, walimwuliza kila mmoja kwa zamu yake kama leo wanapimwa sukari. Wa thelathini alipouliza, msimamizi alinyanyuka akaenda kabatini. Mlinzi wa getini, ambaye hakuwa na cheti cha chochote, ndiye aliyesimulia kwamba msimamizi alisoma maelezo ya mashine kwa sauti, akitafuta mahali pa kuwekea betri.

Walipokuwa huko hospitali kubwa, Shangazi alifundishwa na yule daktari mrefu. Hawakuzungumzia ile siku ya korido. Ila alipofika kwenye namna ya kupanga kipimo cha insulini, daktari alikuja kukaa upande wake na hakuondoka mpaka Shangazi alipopatia mara tano mfululizo.

Siku ya nne Shangazi aliukuta ufunguo wa kabati juu ya meza yake kliniki, hauna barua wala neno. Makopo mapya yalifika wiki ile ile, na fomu ya kuyaomba ilikuwa na sahihi ya msimamizi. Kwa hilo Shangazi alimpa haki yake. La wakunga tisa hakumsamehe. Aliandika barua ofisi za juu akieleza yote, pamoja na wenzake watatu, na mpaka leo jibu alilopata ni muhuri wa kupokelewa. Ameandika ya pili. Anasema ataandika mpaka wino wao wa muhuri ukauke.

Katika mwezi wa kwanza walipima wanawake sitini na saba na wakawapata saba. Mmoja alikuwa muuza viatu wa wiki ya ishirini na sita, aliyekuwa akilalamika kiu. Alilia alipoambiwa habari ya insulini, kisha akajifunza kujichoma haraka kuliko mkunga yeyote, na miezi mitatu baadaye akajifungua mtoto wa kilo tatu na robo aliyelia mpaka korido ya pili. Shangazi alifurahi, na furaha hiyo ilimwumiza, kwa sababu alijua sasa kwa namba jinsi ilivyokuwa rahisi. Saba kwa mwezi. Zidisha kwa miezi minane ya ufunguo kwenye droo. Hesabu hiyo hakuwahi kumwonyesha mtu.

Kabla ya uzazi huo, mkwe wake alikuwa amekuja wiki ya kumi tangu ajifungue, wiki nne baada ya tarehe yake ya kupimwa. Alikuja bila taarifa, akakaa kwenye benchi nyuma ya wajawazito ishirini, mkoba mapajani, yeye peke yake hana tumbo. Shangazi alimwona na hakumwita mbele. Zamu yake ilipofika alinawa mikono bila kuambiwa, akakaa, akanyoosha kidole, na macho yake kwa mara ya kwanza yakatulia juu ya uso wa mama mkwe wake. Alikunywa yale maji matamu hadi tone la mwisho. Walingoja saa mbili, na katika saa hizo Shangazi aliwahudumia wengine kumi na mmoja.

Namba zilikuwa nzuri. Shangazi alimweleza kila moja maana yake, akamwambia apimwe kila mwaka, na akipata mimba nyingine aje mapema, wasingoje wiki ya ishirini na nne kama kwa wengine.

"Nitakuja," binti akasema. "Lakini atakayenipima awe mwingine. Huyo dada wa chumba cha pili. Wewe utakaa na mimi kwenye benchi."

Shangazi alisema sawa. Binti aliichukua kadi, akasoma zile namba tatu kwa kidole, kama anayehakiki mshono, akaitia kwenye mkoba. Halafu akauliza kama leo mama atapita nyumbani, kwa sababu amepika.